Mwigizaji si hanga ya kutundikia mhusika

Kuna sentensi moja ambayo nimechoka kuisoma kila tamthilia mpya ya anga inapotangaza waigizaji wake: “Rangi haijalishi, jinsia haijalishi, chagueni tu mwigizaji bora.” Inasikika poa. Inasikika kama haki. Hata ukiitamka mbele ya shangazi yako ataitikia kwa kichwa. Lakini ndani yake kumefichwa dhana moja ambayo si ya kweli: kwamba mhusika huwa amekamilika kwenye karatasi, amepigwa pasi na kutundikwa, anangoja tu mtu wa saizi yake aje amvae.

Mtu wangu, mambo hayaendi hivyo. Ukinunua koti Gikomba, hulivai vile lilivyotoka kwenye belo. Unalipeleka kwa fundi, anapunguza mikono, anabana kiuno, anahamisha kifungo. Siku ukilivaa, watu wanaona koti lako, si la yule Mzungu aliyelitupa. Mhusika wa runinga ni vivyo hivyo. Anayechaguliwa kumwigiza anampa sauti, umri, historia, na wakati mwingine hata jina. Kwa hivyo kuchagua mwigizaji ni sehemu ya kuandika hadithi, na mwandishi anayejifanya haoni aliyechaguliwa ni nani huishia kuandika hadithi mbovu.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo usingoje nadharia. Nina mifano tu, na nimeitoa kwenye tamthilia za kisayansi kwa sababu huko ndiko visingizio huisha. Mtu anayeweza kubuni sayari nzima, viumbe wenye masikio yaliyochongoka na mashine ya kusafiri kupitia wakati, hawezi kukuambia eti alishindwa kumfikiria mtu kama wewe.

Jina lililotoka mkononi mwa mwigizaji

Tuanze na mfano unaotuhusu moja kwa moja. Septemba 8, 1966, runinga ya NBC ya Marekani ilionyesha sehemu ya kwanza ya Star Trek. Kenya ilikuwa haijafikisha hata miaka mitatu tangu bendera yetu ipande. Katika sehemu hiyo kuna kiumbe anayefyonza chumvi kutoka mwilini mwa watu, na kabla ya kumfyonza mtu hujigeuza sura apendeze machoni pake. Anapomwendea afisa wa mawasiliano ya chombo, anajigeuza mwanamume mweusi na kuzungumza naye Kiswahili. Naam, Kiswahili, angani, usiku wa kwanza kabisa. Afisa huyo ni Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols.

Jina lenyewe unalisikia linatoka wapi. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Watayarishaji wakauliza neno hilo maana yake nini, wakaambiwa, wakalipenda. Likalainishwa kidogo, likawa Uhura.

Sasa fikiria angeingia dada mwingine akiwa na kitabu cha mapishi. Chombo kile kingekuwa na afisa wa mawasiliano, ndio, lakini Uhura hangekuwepo. Kilichokuwa mkononi mwa mwigizaji kiligeuka jina la mhusika, na jina likavuta lugha, na lugha ikavuta asili. Mwaka uliofuata, kuna sehemu ambapo mashine inamfuta Uhura kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma, Kiingereza kikimshinda anakimbilia Kiswahili. Hakuna aliyekaa chini mapema akapanga hayo yote. Yalifuata mtu aliyeingia mlangoni.

Lakini hapo hapo ndipo hadithi inauma. Baada ya kumpata, waandishi hawakujua la kumfanyia. Misimu mitatu, kazi yake kubwa ni kukaa pale akiwa na kidude sikioni akimwambia nahodha kuna simu. Jina lake la kwanza halikutajwa hata siku moja katika tamthilia ile. Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuondoka, na kwa simulizi yake mwenyewe ni Martin Luther King aliyemsihi abaki, kwa sababu sura yake kwenye skrini ile ilikuwa inawaonyesha watu weusi mahali walipostahili kuwa. Akabaki. Ona uzito huo: mtu anabebeshwa matumaini ya watu wake wote, huku kwenye skripti amepewa mistari miwili.

Ilibidi tungoje hadi 2022. Katika Star Trek: Strange New Worlds, Celia Rose Gooding anaigiza Uhura akiwa bado mwanafunzi. Hapo ndipo hatimaye tunamsikia akiwa mezani akieleza kwamba wazazi wake walikuwa walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwamba walikufa pamoja na kaka yake katika ajali, na kwamba alijifunza lugha nyingi kwa sababu alitoka nchi yenye lugha nyingi. Yaani kile kipaji chake cha mawasiliano, ambacho mwaka 1966 kilikuwa kiti na kidude cha sikioni, sasa kina sababu. Na sababu yenyewe ni Kenya. Kila mtu aliyewahi kupanda matatu akisikia kondakta akigombana kwa lugha moja, akiomba nauli kwa nyingine na kutongoza kwa ya tatu, anajua hilo halikubuniwa.

Miaka 56. Hicho ndicho kipimo cha umbali kati ya kumteua mtu na kumwandika.

Fundi hupima mwili kwanza

Usidhani haya ni mambo ya rangi pekee. Chukua Lost, ile tamthilia ya ndege iliyoanguka kisiwani, iliyoanza 2004. Yunjin Kim alienda kufanya usaili wa Kate. Hakupata Kate. Lakini watayarishaji walimpenda sana hadi wakambunia mhusika mpya kabisa, Sun, na kwa kuwa Sun alihitaji mume, akazaliwa Jin. Ndoa ile iliyowaliza watu misimu sita ilitokana na usaili ulioenda kombo. Hurley naye, yule jamaa mnene mwenye roho safi, aliandikwa kwa ajili ya Jorge Garcia baada ya kuonekana katika kipindi kingine cha ucheshi. Na Michael Emerson aliajiriwa aigize sehemu tatu tu kama mfungwa mwenye maneno matamu. Walipoona macho yake na ile sauti ya upole inayotisha kuliko bunduki, wakamfanya Ben Linus, adui mkubwa wa hadithi nzima. Mwaka 2009 akashinda tuzo ya Emmy kwa jukumu ambalo siku anaajiriwa halikuwa refu kuliko kibarua cha wiki chache.

Au The X-Files. Chris Carter alipomtaka Gillian Anderson aigize Scully, wakubwa wa runinga walikuwa na mtu wa aina nyingine kabisa kichwani, mrembo wa jarida. Carter alishikilia. Halafu Anderson akapata mimba wakati tamthilia ndiyo kwanza inashika kasi. Wangeweza kumbadilisha. Badala yake waliandika Scully akitekwa nyara mwaka 1994, akapotea, akarudi akiwa hajui alichofanyiwa. Utekaji huo ukawa uti wa mgongo wa hadithi kwa miaka iliyofuata: saratani yake, hasira yake, swali la mwili wake ni wa nani. Yote yalianza na mwigizaji aliyehitaji likizo ya uzazi.

Hata Spock ana deni la namna hii. Katika jaribio la kwanza la Star Trek, aliyekuwa mtulivu na asiyeonyesha hisia ni mwanamke, afisa wa pili, akiigizwa na Majel Barrett. Runinga haikulitaka jaribio lile, na mwanamke yule hakurudi katika jaribio la pili. Utulivu wake akapewa Spock. Kisha Leonard Nimoy akaongeza vyake: ile salamu ya vidole vilivyopanuliwa aliitoa kwenye baraka ya makuhani wa Kiyahudi aliyoiona akiwa mtoto katika sinagogi. Leo watu duniani kote wanaipiga bila kujua ni kumbukumbu ya kijana mmoja wa Boston.

Kwa hivyo mtu akikuambia “mhusika ni mhusika, mwigizaji ni nani si hoja”, muulize: mhusika yupi?

Daktari alipopata mwili mweusi

Sasa tuje kwa mfano ambao mimi naona unamaliza ubishi. Doctor Who ya BBC ilianza Novemba 1963. Mhusika wake mkuu anaitwa tu Daktari, kiumbe kutoka sayari nyingine anayezunguka ulimwengu na nyakati ndani ya kisanduku cha buluu. Mwaka 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alikuwa mgonjwa na hangeweza kuendelea. Badala ya kufunga tamthilia, waandishi wakabuni kwamba mwili wa Daktari ukichakaa unageuka kuwa mwingine, na Patrick Troughton akaingia. Sheria maarufu kuliko zote za hadithi ile ililetwa na mzee aliyechoka. Nyongeza ni kwamba Daktari wa Troughton alikuwa mtu tofauti: Hartnell alikuwa babu mkali, huyu akawa mcheshi wa suruali kubwa na filimbi.

Ukiwa na mhusika wa hivyo, ni rahisi kudhani mwili ni nguo tu, leo hii, kesho ile. Lakini angalia kilichotokea.

Mwaka 2007 Daktari aliigizwa na David Tennant, na msafiri mwenzake alikuwa Martha Jones, mwanafunzi wa udaktari aliyeigizwa na Freema Agyeman. Wanafika London ya mwaka 1599. Martha, mwanamke mweusi mwenye akili timamu, anauliza swali ambalo mimi na wewe tungeuliza: hapa si nitakamatwa nifanywe mtumwa? Daktari anamwambia atembee tu kana kwamba mahali ni pake, kwa sababu yeye akifanya hivyo huwa anafaulu. Basi, mada imeisha, twende kwa Shakespeare.

Buda, lazima anafaulu! Ana sura ya mwanamume mweupe Uingereza. Mlinzi wa lango gani atamsimamisha? Waandishi walimchagua Agyeman, wakaona swali lake, kisha wakaliruka kama shimo la barabara.

Ila wiki chache baadaye, katika tamthilia hiyo hiyo, walilirudia kwa umakini. Daktari anajificha kama mwalimu wa shule ya wavulana Uingereza mwaka 1913, akiwa amejifuta kumbukumbu zake, na Martha anabaki kumlinda. Hadithi hii ilitoka kwenye riwaya ya 1995 ya Paul Cornell, ambako msafiri mwenzake alikuwa mwanamke mweupe, profesa wa akiolojia. Kwa Martha, hadithi ile ile ikageuka: mwanafunzi wa udaktari anapiga magoti kusugua sakafu, wavulana wa shule wanamkejeli, na anapotaja mifupa ya mkono mmoja baada ya mwingine kuthibitisha amesoma, mwenye kumsikiliza bado anaona mjakazi. Riwaya ni ile ile, mwandishi ni yule yule, lakini mwili tofauti umeleta hadithi tofauti. Na nzito zaidi.

Kisha akaja Ncuti Gatwa. Alizaliwa Kigali mwaka 1992, familia yake ikakimbia mauaji ya kimbari ya 1994, akakulia Uskoti. Jo Martin alikuwa ameshamwigiza Daktari kwa muda mfupi mwaka 2020 akiwa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo, lakini Gatwa ndiye wa kwanza kukabidhiwa tamthilia yenyewe. Na jambo la kwanza walilompa si mateso. Walimpa furaha: Krismasi ya 2023 tunamkuta katikati ya klabu usiku akicheza muziki, sketi ya Kiskoti ikizunguka naye. Huo mwili una Kigali na una Uskoti, na kamera haikujifanya haioni.

Mwaka 2024 wakatoa sehemu iitwayo Dot and Bubble. Hii ikutafute popote ulipo, kwa sababu inatuhusu sisi wa simu mkononi saa ishirini na nne. Vijana matajiri wanaishi katika mji uitwao Finetime, kila mmoja na skrini zinazomzunguka kichwa kama puto, wakipiga gumzo na marafiki mchana kutwa. Hawatembei bila kuelekezwa. Wakati huo huo kuna wadudu wakubwa wanaowala mmoja mmoja na hawaoni, kwa sababu hawatazami nje ya puto. Unatazama ukicheka. Unajiambia, hii ni hadithi ya TikTok, nimeelewa.

Hujaelewa. Daktari anamtokea msichana Lindy kwenye skrini kumwonya, anamfunga. Mwenzake Daktari, Ruby, ambaye ni mweupe, akimtokea anamsikiliza. Hadi mwisho, Daktari anasimama mbele ya wachache waliobaki hai, anawaambia nina chombo, ingieni niwaokoe, bure. Wanakataa. Wanasema kwa lugha ya adabu kwamba yeye si mmoja wao. Wanaona afadhali waende kufia porini kuliko kuokolewa naye. Hapo ndipo unarudisha akili nyuma na kugundua kwamba kwa dakika arobaini na kitu, kila uso uliouona katika mji ule ni mweupe, na wewe hukushtuka. Gatwa anacheka kwa kutoamini, halafu anapiga ukelele, halafu machozi.

Chukua skripti ile umpe Tennant. Haiwezekani. Haisimami. Sehemu nzima inategemea ni nani amesimama pale akinyoosha mkono. Mwaka 2007 Daktari alimwambia msichana mweusi atembee kana kwamba mahali ni pake. Mwaka 2024 Daktari mwenyewe alijaribu kutembea hivyo, akafungiwa mlango na watu anaotaka kuwaokoa. Lile shimo la barabara lililorukwa hatimaye limeangaliwa, na lilichukua mwili wa kijana mzaliwa wa Kigali kuliona.

Mwaka 2025 wakaenda upande wa pili wa jambo hilo hilo. Sehemu iliyoandikwa na Inua Ellams, mshairi mzaliwa wa Nigeria, inampeleka Daktari Lagos, kwenye kinyozi. Kwa nini? Kwa sababu katika mwili huu, Daktari anaeleza, kuna sehemu za dunia ambako watu humtazama tofauti, na pale kinyozi anapokewa kama wa nyumbani. Kiumbe wa zaidi ya miaka elfu moja, aliyeona nyota zikizaliwa, anataka tu kukaa kwenye kiti cha kinyozi ambako hakuna anayemuuliza ametokea wapi. Kama wewe ni kijana wa kiume wa Nairobi, unajua kinyozi ni mahali gani. Hakuna mwandishi angefikia wazo hilo akiwa na mwigizaji mwingine, na pengine hakuna aliyekuwa na haraka ya kumtafuta mwandishi kama Ellams kabla ya hapo. Ndiyo maana nasema uteuzi mmoja unavuta mwingine: ukibadilisha sura mbele ya kamera, punde utahitaji watu wengine nyuma yake.

Mwigizaji akisema hapana

Kuna hatua nyingine ambayo mashabiki huisahau: mwigizaji kuinua mkono. Avery Brooks alimwigiza Kamanda Benjamin Sisko katika Star Trek: Deep Space Nine, 1993 hadi 1999. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza tamthilia ya Star Trek, na kitu kizuri kabisa walichomwandikia ni ubaba. Sisko anamlea mwanawe peke yake, anampikia, anamkumbatia. Mwaka 1998 Brooks mwenyewe aliongoza sehemu ambayo Sisko anajiona yeye ni mwandishi mweusi wa miaka ya hamsini, New York, aliyetunga hadithi ya nahodha mweusi wa chombo cha anga, na mhariri wake anakataa kuichapisha.

Ikafika sehemu ya mwisho ya tamthilia. Sisko anachukuliwa na viumbe wanaoishi nje ya wakati, na anamuaga mke wake mjamzito. Kama ilivyoandikwa mwanzoni, alikuwa anaondoka moja kwa moja. Brooks akawaambia watayarishaji kwamba hilo halimkai vizuri. Mwanamume mweusi anamwacha mke mweusi na mimba aende zake? Baada ya misimu saba ya kuonyesha baba aliyebaki? Wakarekebisha, na Sisko akaahidi kwamba atarudi.

Waandishi hawakuwa watu wabaya. Kwao ile ilikuwa tu kuaga, kama ya shujaa yeyote. Lakini maneno yale yale yakitoka kwa mwili ule, mbele ya watazamaji wale, yanasema jambo lingine. Brooks alilisikia kwa sababu ndiye aliyekuwa ndani ya mwili huo.

“Mnaharibu utoto wetu”

Najua kuna msee ameshaanza kuandika jibu. Kwamba wahusika wa zamani waachwe, ukitaka mweusi au mwanamke, buni wako. Hoja hiyo si ya kijinga na nimeisikia kutoka kwa mashabiki wa kweli. Lakini inasahau Starbuck. Katika Battlestar Galactica ya 1978 alikuwa mwanamume, rubani mvuta sigara na mcheza kamari, akiigizwa na Dirk Benedict. Ilipotengenezwa upya mwaka 2003, akawa Katee Sackhoff. Benedict mwenyewe aliandika kulalamika. Watu walikasirika. Lakini Starbuck wa Sackhoff hakuwa yule wa kwanza aliyevalishwa sidiria. Sigara ni zile zile na kiburi ni kile kile, ila chini yake waandishi waliweka mama aliyempiga, mchumba aliyekufa kwa makosa yake, na woga wa kupendwa. Wa 1978 hakuharibika, bado yupo, unaweza kumtazama leo jioni. Aliyeongezeka ni mtu mwingine.

Mimi nina ugomvi zaidi na upande wa pili, upande wetu. Wale wanaopiga makofi punde tu sura nyeusi ikitangazwa, wakaenda kulala. Tangazo si kazi. Mwaka 2011, katika filamu ya X-Men: First Class, Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, alimwigiza Darwin, ambaye uwezo wake ni mwili unaojibadilisha ili asife. Halafu akafa, mapema, wenzake wakaendelea na filamu. Uwezo wako ni kutokufa na bado unakuwa wa kwanza kufa! Hiyo ndiyo maana ya kuteuliwa bila kuandikwa. Miaka kumi na moja baadaye, katika tamthilia ya For All Mankind, Gathegi huyo huyo ni Dev Ayesa, tajiri mwenye kampuni inayoshindana na Marekani na Muungano wa Kisovieti kufika Mirihi. Ana tamaa, ana mvuto, anakosea, anasukuma hadithi. Mwigizaji ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna mtu alikuwa na nia naye.

Na bei ya uteuzi usioandikwa hulipwa na mwigizaji, si studio. Moses Ingram alipotokea katika Obi-Wan Kenobi mwaka 2022, alionyesha hadharani matusi ya kibaguzi aliyokuwa akitumiwa. Studio ikishaweka sura mpya mbele, sura hiyo ndiyo hupigwa mawe. Angalau basi impe mhusika anayestahili vita hivyo.

Tukirudi hapa kwetu

Usiseme haya ni ya Wazungu na vyombo vyao vya anga. Washa runinga yako ya nyumbani. Soja wa lango lazima awe na lafudhi ya magharibi mwa nchi. Yaya ni msichana mweusi tititi, na mpenzi wa bosi ni wa rangi ya thao. Mganga anatoka Ukambani au Pwani. Sisi tunafanya kinyume cha fundi wa Gikomba: tunashona koti kwanza, kisha tunatafuta mtu na kumkata mikono limtoshe. Mwigizaji anaingia kwenye usaili, na kabla hajafungua mdomo jina lake la pili limeshampa kazi ya mlinzi.

Hapo ndipo tamthilia za kisayansi zinaweza kutusaidia hata zaidi ya zile za mapenzi na urithi. Wanuri Kahiu alishafungua mlango mwaka 2009 na Pumzi, filamu fupi ya Afrika Mashariki ya baadaye iliyokauka maji, ambapo shujaa ni mwanamke Mwafrika anayehangaika na mbegu moja. Katika wakati ujao hakuna aliyeandika kwamba soja atoke wapi. Kama kesho kuna kijana ataandika tamthilia ya Nairobi ya mwaka 2090, na lango la chombo cha anga bado linalindwa na Mluhya wa kuchekwa, basi hatukosi pesa wala kompyuta. Tunakosa macho.

Kwa hivyo safari nyingine ukipakua msimu mpya na bando lako la usiku, usiishie kuuliza kama ndani kuna mtu anayefanana na wewe. Uliza swali la pili: huyu angekuwa mtu mwingine, hadithi ingebadilika? Kama haibadiliki hata kidogo, amewekwa pale kama ua la plastiki mezani. Kama inabadilika, kuna mtu alimtazama, akapima mabega yake, akashona upya. Hao ndio wa kutazamwa, na hao ndio wa kulipiwa.

Na wewe unayeenda usaili wiki hii, ukiulizwa kama una swali, uliza. Beba na kitabu chako. Uhura alipata jina hivyo.